Barua Inayorudi kwa Asiyeituma

Mwaka 2004 wengi wetu tulikuwa na sanduku la barua kwenye intaneti. Tulilifungua siberi mara moja kwa juma, tupate habari za ndugu walio Ulaya. Kulikuwa na jambo moja la sanduku hilo ambalo lilianza kugombanisha nyumba.

Mama mmoja wa mtaa wetu alipokea ujumbe wa Kiingereza: barua yako kwa David fulani haikufika. Akauchapisha ili aulize maana yake. Bwana yake aliikuta karatasi kabla hajamwuliza mtu. Siku tatu hakuna salamu ndani ya nyumba. Waliniita mimi kwa sababu ninafundisha na ninasoma Kiingereza kidogo.

Nilimwambia yule baba: andika barua, halafu nyuma ya bahasha weka jina la jirani. Posta isipompata mpokeaji, itamrudishia jirani asiyejua lolote. Barua za intaneti ni hivyohivyo. Kanuni zake za mwaka 1982 hazimwulizi mtumaji kitambulisho. Minyoo ya kompyuta ilitumia mlango huo: Klez mwaka 2002, Sobig.F Agosti 2003, na Mydoom tangu Januari 2004. Mnyoo ukiingia katika kompyuta, unakusanya anwani zilizomo, moja unaifanya mtumaji, nyingine mpokeaji. Kompyuta yenye ugonjwa ni ya mtu wa tatu, pengine shemeji aliye Brussels ambaye alihifadhi anwani yako tu.

«Na huyo David?» akauliza. Huenda hajazaliwa. Mydoom ulibuni hata anwani, ukibandika majina ya kawaida kama John, Maria au David mbele ya jina la kampuni. Anwani haipo, basi barua inarudi kwa yule aliyeibiwa jina.

Baba alicheka. Mama hakucheka, na mimi sikumlaumu.

Kilichoniudhi zaidi ni zile programu za kinga zilizomwandikia mtu «umetuma virusi» bila kuchunguza barua ilitoka wapi.

Ukirudishiwa barua ambayo hukuituma, usifungue faili iliyofungwa nayo, maana Mydoom wenyewe ulijivika sura ya barua iliyorudi. Ifute. Na kijana wa siberi akitaka pesa ili asafishe sanduku lako, mwulize kwanza anasafisha nini.