Zulia la Kijani la Mufindi na Tukuyu

Msafiri aachaye barabara kuu pale Mafinga, Mkoa wa Iringa, akaelekea Mufindi, hulakiwa na vilima vilivyotandikwa kijani kitupu. Afikapo Uyole, Mbeya, akakata kusini kwenda Tukuyu, huiona tena mandhari ile ile. Hiyo ndiyo michai, iliyoanza kupandwa Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904, enzi za Wajerumani.

Wengi hudhani mchai ni mmea mfupi kwa asili. La hasha! Ukiachwa, hurefuka ukawa mti. Ni kisu cha mkulima kinachouzuia kwenda juu, nao ukatanuka ubavuni hata matawi yake yakakutana na ya jirani. Na kwa kuwa haupukutishi majani yote kwa msimu, mvua huyapiga majani, si ardhi tupu.

Lakini shamba changa halina ulinzi huo. Miche ikipandwa sentimita 120 kati ya mistari na 60 kati ya mche na mche, takriban 13,900 kwa hekta, mianya hubaki wazi miaka ya mwanzo. Hapo ndipo mteremko huporwa rutuba yake. Mkulima hodari hupanda akikingama mteremko, hutandaza nyasi kavu kati ya mistari, na hung'oa magugu kwa mkono. Apogoapo baadaye, matawi huyaacha papo hapo yaoze.

Basi, ndugu msomaji, atakaye zulia la kijani aanze na nyasi kavu. Majani ya kuchuma yatakuja kwa wakati wake. Udongo uliokwenda mtoni haurudi.