Sindano ya Bara Hindi na Somo la Kazi za Mikono

Katika shule za msingi, kudarizi aghalabu hufundishwa kwa kufuatisha ua lililokwisha kuchorwa na mwalimu. Sisi hatuuridhii mtindo huo, na hoja zetu tumezipata katika kazi za Bara Hindi, ambako kila jimbo lina njia yake.

Wanawake wa Punjab waliodarizi phulkari, yaani kazi ya maua, hawakuhitaji mchoro. Walishona khadi nene kwa hariri isiyosokotwa, wakihesabu nyuzi za mtande na mshindio, tena kwa upande wa nyuma. Ua likajitokeza upande wasioutazama. Kasuti ya Karnataka nayo huhesabiwa, wala haina fundo: sindano huenda na kurudi katika njia ile ile hata pande zote mbili zikafanana. Mtoto aliyeshindwa kufahamu ulinganifu ubaoni, mwalimu na ampe kipande cha gunia, ambacho nyuzi zake zahesabika, na uzi wa rangi.

Hatusemi kwamba mchoro ni haramu. Mafundi wa Lucknow hupiga chapa ya mti kwa rangi inayotoka majini, ndipo uzi mweupe upitishwe juu ya melimeli nyeupe, kisha kitambaa kifuliwe. Lakini huko mpiga chapa ni mwingine, mshonaji mwingine, na dobi mwingine. Naye mshonaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke afanyaye kazi nyumbani kwake, hupata ujira mdogo mno. Jambo hili nalo lielezwe darasani.

Wanachuo hutulalamikia kwamba vifaa hakuna. Twawajibu kwa kantha ya Bengal. Sari kuukuu hupangwa tabaka juu ya tabaka, zikapigwa bandi kuanzia ukingo hadi ukingo, na uzi wenyewe huchomolewa katika pindo za sari hizo hizo. Kanga iliyochakaa haikosekani kijijini.

Na wavulana wakidai kwamba sindano ni ya wasichana? Waambiwe habari za wanaume wa Kimochi wa Kachchh, washona viatu, waliosifika kwa kudarizi hariri kwa sindano yenye ndoana.

Katika kusahihisha, sisi hukigeuza kitambaa kwanza. Nyuma ndiko kunakoonyesha iwapo mtoto amehesabu au amebahatisha.