Bolti za Hita ya Land Rover

Gereji ya mjomba, Unga Limited mjini Arusha, ilikuwa na masanduku matatu ya spana, na kijana wa pale alihesabiwa ameiva siku alipoacha kuuliza achukue lipi. La kwanza lilikuwa la Whitworth: spana nene zilizoandikwa unene wa bolti, siyo upana wa kichwa chake, kwa hiyo namba ilimdanganya kila mgeni. La pili lilikuwa la inchi. La tatu, lililokuwa jipya na halikuguswa sana, lilikuwa la milimita. Mjomba hakuwahi kutueleza kwa nini Mwingereza alihitaji masanduku mawili kufungua gari moja. Alisema tu, "Likikukatalia hili, nenda na lile. Usilazimishe."

Sababu nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima. Joseph Whitworth alipanga vipimo vya meno ya bolti mwaka 1841, pembe ya jino digrii 55. Mwaka 1908 yakaja meno membamba zaidi, BSF, yenye pembe ileile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana mwaka 1948 kutumia meno ya pamoja ya digrii 60, yaani UNF na UNC, maana wakati wa vita bolti ya huku ilikuwa haiingii kwenye mashine ya kule. Mwaka huohuo Land Rover ilizaliwa, na ilizaliwa na meno ya kizamani. Kiwanda hakikubadilisha kila kitu kwa mpigo. Hata Series IIA za miaka ya 1960 zilitoka na mchanganyiko. Juu ya hayo, vyombo vya umeme na saa za dashibodi vilishika mfumo wa BA, uliotungwa karne ya 19 kwa ajili ya skrubu ndogondogo za vyombo vya kupimia. Ndiyo hayo masanduku ya mjomba, ingawa kwa BA alikuwa na vispana vidogo alivyovifunga kwa kitambaa na kuvificha.

Hita wakati huo ilikuwa kitu cha dhihaka. Nani anahitaji moto ndani ya gari Tanzania? Gari lililokwenda Tanga au Dodoma lingeweza kuishi miaka ishirini bila mtu kufungua koki yake. Waliokaa Karatu, au walinzi waliolala kwenye kingo za Ngorongoro, juu ya mita 2,200, walijua umuhimu wake, lakini hao hawakuwa wateja wengi. Yenyewe ni kifaa chepesi: maji ya moto kutoka kwenye injini hupita kwenye rejeta ndogo, feni ikapuliza. Hiyo rejeta ikianza kuvuja, maji yalimwagikia miguu ya abiria. Dawa yetu ilikuwa moja: kata mipira miwili ya maji, iunganishe huko kwenye injini, hita iachwe hapohapo imekufa. Kuitoa ilikuwa kazi bure.

Uvivu huo ndio uliotunza kumbukumbu. Kila kitu kingine kwenye Land Rover kilifunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi bolti zake zikawa za kila kabila. Miaka ya 1980 na 1990 Toyota Land Cruiser zilipotuzidi, kopo la bolti pale gereji lilijaa za Kijapani, na mtu akipoteza ya inchi, tundu lilitobolewa likapigwa meno ya milimita sita au nane. Sikuona ubaya wowote, gari lilikuwa linatakiwa kesho asubuhi. Leo nikiona kwenye Land Rover bolti ya milimita nane yenye kichwa cha spana namba 12, na alama ya 7 juu yake, najua imetoka kwenye Toyota. Ya Ulaya ingekuwa na kichwa cha 13 na maandishi 8.8.

Siku hizi wateja wamegeuka. Gari lililokuwa la kubebea mbuzi linaoshwa, na Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa tamasha, watu walilala chini kuchungulia chasisi za wenzao. Mzee mmoja wa Karatu aliniletea IIA yake ndefu, 109, akataka kila bolti iwe ya asili.

"Shikamoo mzee. Na hita? Ifanye kazi, au ikae tu kama pambo?"

"Marahaba. Ifanye kazi, fundi. Asubuhi kwetu unakujua."

Nilianza na hiyo hita, kwa sababu ilikuwa shahidi pekee ambaye hajaguswa. Bolti zilizoishika kwenye ukuta wa injini zilikuwa na vijiduara vimeshikana kwenye ubavu mmoja wa kichwa. Hiyo ni alama ya UNF na UNC; nyingine huwa na duara lililozama juu ya kichwa. Herufi S pembeni ni daraja la nguvu. Robo inchi ya UNF ina meno 28 kwa inchi, ya BSF ina 26, na geji ya meno hukwambia mara moja. Whitworth na UNC ndizo hatari: kwenye robo inchi zote zina meno 20, zinatofautiana pembe tu, na moja itaingia kwenye nati ya nyingine kwa upole wa kinafiki.

Kwenye mota ya feni kulikuwa na skrubu ambazo zimewachosha mafundi wengi kuliko nilivyoweza kuwahesabu. 2BA ina unene wa milimita 4.7, na kutoka jino hadi jino ni 0.81. UNF namba 10 ni 4.83 na 0.79. Ya milimita tano ni 5 kamili na 0.8. Kwa macho ni skrubu moja. 2BA huingia kwenye nati ya namba 10, ikacheza kidogo, mtu akadhani meno yamechoka. Ile ya tano hugoma mwanzoni. Fundi mwenye haraka huongeza nguvu, meno yakang'oka. Kalipa ya bei rahisi inamaliza ubishi wote huo.

Kifuniko kilishikwa na skrubu zinazojikatia meno zenyewe, zimeuma kwenye vibati vya springi. Mbili zilikuwa na msalaba wenye vistari vinne vyembamba kati ya mikono yake, yaani Pozidriv, ambayo ilienea Uingereza miaka ya 1960. Kwenye IIA inakubalika. Kwenye Series I ingekuwa ushahidi wa fundi wa baadaye.

Skrubu moja ya BA ilikuwa imepotea. Madukani hazipo, lakini saa ya mwendo ya Smiths iliyokufa ilikuwa nazo, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza hita.

Mzee alitaka bolti ziwe zinang'aa. Hapo tulibishana. Nyingi za zamani zilipakwa kadimiamu, rangi ya kijivu iliyofifia, na vumbi lake ni sumu. Sizisagi wala sizichomi. Nilizilowesha mafuta ya taa, nikazisugua kwa brashi ya nailoni, nikazirudisha zilivyo. Alinuna, akalipa. Tulipowasha, rejeta mpya ya hita ikashika moto, na kabla hajafika barabara kuu nilimwona akisukuma kioo apate hewa.