Ufunguo wa Kibanda

Mgeni alalaye kibandani Mikumi, hifadhi iliyotengwa mwaka 1964, huyasikia usiku malori ya barabara ya Zambia, kisha ngurumo ya simba kutoka uwanda wa Mkata. Usiku huo ameulipia; kukicha hurudisha ufunguo, akaenda kwake.

Kaskazini, mjini Kilosa, Mto Mkondoa ulifurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, ukabomoa reli na nyumba. Wenyeji nao wakalala mahemani. Lakini hawakuwa na ufunguo wa kurudisha, wala mlango wa kurudia.

Mkata na Mkondoa hukutana katika Wami, nao Wami humwagikia baharini karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Hapo yote huwa maji ya chumvi: hayasemi yalimbembeleza nani, wala yalimfukuza nani.