Mshale Uliosema Uongo

Ndugu wasomaji, leo twapenda kuwasimulia habari ya chombo kidogo kisichozidi kikombe cha chai, ambacho nusura kitutie katika hatia ya damu. Chombo chenyewe ni kipima-mwendo cha motokaa, kile chenye mshale na tarakimu mbele ya dereva.

Motokaa ya shule yetu ni Land Rover ya kale ya aina iitwayo Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Injini yake ilikuwa imechoka kabisa, na difu ya nyuma ilikuwa imevunjika meno. Basi walimu na wazazi tukachanga fedha, tukaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi akatia injini nyingine ya dizeli, na kwa kuwa hakupata difu za asili, akatia mbili zilizotoka katika Range Rover, moja mbele na moja nyuma. Kwa macho zafanana na zile za kwanza, na mahali pake zaingia sawasawa.

Motokaa iliporudi ilikuwa nyepesi kama mpya, lakini mshale ulilala kwenye sifuri. Tukachungulia chini, tukaona waya wa kipima-mwendo umekatika wakati wa kutolewa injini. Tukanunua mwingine, tukaufunga, na mshale ukainuka. Tukafurahi, tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Siku moja tulikuwa tukiwarudisha wanafunzi kutoka mashindano ya kuimba. Tulipofika kijiji kimoja kando ya barabara kuu, penye kibao cha 50, mtoto akatoka mbio kuufuata mpira wake. Dereva wetu, mzee mtaratibu, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakaburuzika, motokaa ikasimama imebakiza kama dhiraa moja kumfikia yule mtoto. Watu wakatuzunguka kwa ghadhabu, wakisema, "Mlikuwa mkikimbia!" Nasi tulioketi karibu na dereva tulikuwa tumeutazama mshale kwa macho yetu, nao ulikuwa juu ya 50. Basi tukashuhudia mbele ya wazee ya kuwa hatukupita hamsini. Bibi yake yule mtoto akatuangalia, akajibu, "Mwalimu, mimi nimekaa kando ya barabara hii miaka mingi. Naijua hamsini inavyopita."

Maneno yale yalitunyima usingizi. Siku ya Jumamosi tukaenda pamoja na dereva kwenye barabara ya lami, penye mawe ya kilometa. Yeye akaushika mwendo wa 60, sisi tukaishika saa. Kila mwanafunzi ajua ya kuwa aendaye kilometa 60 kwa saa hukata kilometa moja kwa sekunde 60. Lakini saa yetu ilionyesha sekunde 45. Tukarudia mara tatu, na jibu likawa lile lile. Mwalimu kijana tuliyekuwa naye akafungua simu yake, ipimayo mwendo kwa setilaiti, nayo ikasema 80. Mshale ulikuwa unaiba robo nzima ya mwendo! Siku ile tuliposhuhudia hamsini, kweli tulikuwa twaenda 66. Na tofauti hiyo si ndogo, maana kutoka 50 hadi 66 umbali ambao motokaa huburuzika kabla ya kusimama huongezeka karibu robo tatu ya ule wa kwanza.

Sababu yake ni hii. Kipima-mwendo cha namna ile, ambacho Otto Schulze wa Strasbourg alikiandikishia hataza mwaka 1902, hakilitazami gurudumu. Ndani yake mna sumaku izungushwayo na waya, na kando ya sumaku mna kikombe chepesi cha madini. Sumaku haikigusi kikombe, ila hukivuta, na springi ndogo hukizuia. Sumaku ikizidi kuzunguka, mshale huzidi kupanda. Nao waya, katika Land Rover yetu, huanzia pale inapoanzia propela ya nyuma. Basi chombo huhesabu mizunguko ya propela tu. Kwa difu za kwanza, propela ilizunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa difu za Range Rover yatosha mara 3.54. Gawanya 3.54 kwa 4.7, utapata kama 0.75, yaani robo tatu. Chombo hakikuharibika, bali kilikuwa kikipiga hesabu ya difu ambazo hazimo tena.

Tukamwendea fundi wa kuchonga vyuma, tukamwonyesha hesabu yetu. Akatengeneza kisanduku kidogo cha kufungwa katikati ya waya, chenye gia mbili: ya meno 20 ikiizungusha ya meno 15. Kubwa ikizunguka mara 3, ndogo huzunguka mara 4, na hivyo robo iliyoibiwa hurudishwa. Tulipoijaribu, mshale ukajikaza nyuma ya sifuri, haupandi kabisa! Fundi akacheka, akajipiga kipaji cha uso. Gia mbili zilizoshikana huzunguka kinyume, moja kulia na moja kushoto, kwa hiyo waya ulikuwa ukizunguka kinyumenyume. Akatia gia ya tatu katikati yao. Gia hiyo hugeuza upande wa kuzunguka tu, wala haibadili hesabu.

Tukarudi kwenye mawe. Mshale 60, saa sekunde 60. Kwa hesabu kamili mshale wazidi kidogo sana, na kuzidi ni afadhali kuliko kupungua. Hata kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa yakataza kipima-mwendo kuonyesha mwendo ulio chini ya ule wa kweli.

Ikabaki kazi moja iliyo ngumu kuliko gia. Tukarudi kijijini kwa yule bibi, tukamwambia mbele ya wazee wale wale, "Mama, wewe ulisema kweli, nasi tulishuhudia uongo pasipo kujua." Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake aje atuamkie.

Basi, ndugu wasomaji, aliye na motokaa, akibadili difu, gia, au hata magurudumu ya kipimo kingine, asifurahi kwa kuona mshale umeinuka. Mshale uliolala kwenye sifuri humfanya dereva aangalie barabara. Mshale unaotembea na kudanganya humfumba macho. Kabla hajapakia mtu, na atafute mawe ya kilometa na saa, apime mwenyewe.