Kisanduku cha Mzee Wetu

Aliyewahi kuuguza mzazi akiwa mbali atatuelewa. Baba yetu alipopatikana na kifua kikuu, sisi wanawe tulikuwa tumetawanyika, na mdogo wetu wa kike pekee ndiye aliyebaki naye Ngaramtoni. Tulidhani ni baridi ya Meru tu. Tukamnywesha tangawizi na asali kwa majuma, hadi makohozi yalipopimwa.

Zamani mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa Kibong'oto, kule Siha, akakaa miezi mingi mbali na watu wake. Baba alirudi nyumbani na dawa za miezi sita, zikiwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Kila saa mbili asubuhi kilitoa mlio na kuwaka taa. Akikifungua, habari zilimfikia muuguzi kwa mtandao wa simu. Kisipofunguliwa, muuguzi hupiga simu. Visanduku vya aina hiyo vimejaribiwa nchini mwetu, na pia Ethiopia, Afrika Kusini na Ufilipino, ili mgonjwa asilazimike kumeza dawa kila siku mbele ya msimamizi.

Tulifurahi mno, na hapa hatuna budi kukiri kosa. Awali tulimpigia kila asubuhi: "Shikamoo baba, umemeza?" Kisanduku kilipokuja, tukaacha. Tukawa tunamwuliza muuguzi, naye akitujibu kwamba hakuna siku iliyorukwa.

Ramadhani iliingia baba akiwa katika mwezi wa tatu wa dawa. Alijiona ana nguvu, akafunga bila kumwambia mtu wa hospitali. Mlio ukija, alifungua kisanduku, akatoa vidonge na kuvifunga katika karatasi ili avimeze magharibi. Siku nyingine alikumbuka. Siku nyingine futari, tarawehe na uchovu vilimsahaulisha. Kwa muuguzi kila siku ilionekana imetimia, maana kisanduku hujua kifuniko, hakijui koo.

Mdogo wetu alipokuwa akifua kanzu ya Ijumaa alikuta karatasi mfukoni: vidonge kumi na viwili, dozi za siku nne.

Tulimpigia mzee simu kwa sauti tunayoionea haya hadi leo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mlikuwa mnakiuliza kisanduku. Mimi hamkuniuliza."

Muuguzi hakufoka. Alimweleza jinsi vijidudu vinavyogeuka sugu dawa ikikatizwa, akachukua makohozi yapimwe upya. Akamkumbusha pia ruhusa ya mgonjwa kula, na baba akatabasamu, kwa kuwa somo hilo alilifundisha madrasa miaka mingi. Daktari alipomkagua aliridhia aendelee kufunga, kwa sharti la dawa kumezwa kabla ya daku. Mlio ukahamishwa hadi saa tisa na nusu usiku. Kumbe lilikuwa jambo la dakika chache, laiti angeulizwa mtu!

Majibu ya makohozi yalikuja safi, alhamdulillah. Usiku uliosalia wa Ramadhani tulipokezana kumpigia saa ile ile. Tulisikia mlio wa kisanduku, kifuniko kikifunguka, kisha maji yakishuka kooni mwake, na sauti nzito ya usingizi: "Tayari. Haya, amkeni nanyi mle daku."