Kutafuta Kiini cha Kosa: Funzo la Kompyuta Kuukuu

Kazi ya mwalimu wa shule ya msingi, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kushughulika na makosa. Kila siku madaftari hurundikana mezani pake, naye huyapitia kwa kalamu nyekundu, hapa vema, pale kosa. Lakini kuliona kosa ni jambo moja, na kujua limetoka wapi ni jambo jingine kabisa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha tofauti hiyo kwa mfano usiotoka katika vitabu vya malezi. Umetoka katika mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu ya michezo. Kompyuta za namna hii huundwa mahsusi kwa ajili ya michezo ya video. Ndani yake huwamo kadi ya picha ya peke yake, yenye feni yake yenyewe, ambayo kazi yake ni kuchora picha zinazokwenda kwa kasi. Ikiwa mpya huuzwa kwa bei kubwa. Ikiisha kuchakaa hupatikana kwa bei ya mtumba. Hiyo tunayoizungumzia ilikwisha kutumika miaka mingi Dar es Salaam kabla ya kusafirishwa kwa basi hadi shule moja iliyo pembezoni mwa mji wa Ifakara, ambako tulikuwa tukifundisha Hisabati darasa la tano.

Michezo miwili ilipakiwa humo, yote ya bure. Wa kwanza ni TuxMath, ambamo maswali ya hesabu huanguka kutoka angani kama vimondo, na mtoto hutakiwa kuandika jibu kabla swali halijafika chini. Wa pili ni SuperTuxKart, mashindano ya vigari, ambao huonyesha muda wa kila mzunguko kwa dakika na sekunde. Nyakati hizo ndizo tulizozifanya kuwa somo. Watoto waliokuwa wakichoshwa na hesabu za kutoa za ubaoni walitoa kwa hiari yao muda wa mzunguko mmoja katika muda wa mwingine, wapate kujua nani amepunguza sekunde ngapi.

Baada ya majuma machache mchezo wa vigari ukaanza kukatika. Mara picha iliganda, kibodi wala kipanya visifanye kitu; mara kompyuta yote ilijizima na kujiwasha upya. Na mara nyingi jambo hilo lilitokea katika zamu ya msichana mmoja. Wenzake wakasema ana mkosi. Haukupita muda ikatolewa rai kwamba aondolewe katika orodha ili kuinusuru mashine. Naye, mtoto wa watu, akaanza kuikimbia zamu yake mwenyewe. “Mwalimu,” alituambia, “mimi nitaandika tu muda wa wenzangu. Sitaki kugusa.” Hapo ndipo lilipokuwa jambo zito. Kompyuta ikifa, shule imepoteza kifaa. Mtoto akiisha kusadiki kwamba mkono wake huharibu kila kinachoguswa, hasara hiyo haina duka la vipuri.

Ushauri haukukosekana. Fundi mmoja alisema, “Futa kila kitu, Mwalimu, kisha upakie upya.” Ushauri huo una mahali pake, kwa kuwa programu huweza kuharibika. Kasoro yake ni kwamba hufuta ushahidi pamoja na maradhi. Mashine ikipona, hujui kilichoiponya. Isipopona, umerudi ulikoanzia na alama zote za njiani zimefutika.

Sisi tulianza na daftari. Tuliligawa safu tano: tarehe na saa, mchezo uliochezwa, dakika zilizopita tangu mchezo kuanza, zamu ya nani, na kile hasa kilichoonekana. Hatukuruhusu maneno “imeharibika tena”. Ilipasa kuandikwa ama “imeganda” ama “imejizima”. Kazi ya uandishi tulimpa yule yule msichana, maadamu ndiyo aliyoiomba.

Baada ya majuma mawili daftari lilisema mambo matatu. Kwanza, mchezo wa hesabu haukukatika kwa kuganda hata mara moja. Basi shaka ikaelekea kwenye kazi ya kuchora picha, ambayo katika vigari ni nzito na katika hesabu ni nyepesi. Pili, kile kilichoitwa ugonjwa mmoja kilikuwa magonjwa mawili. Kuganda kulitokea baada ya dakika ishirini na zaidi za mchezo mfululizo, wala si kabla. Lakini kujizima kulitokea dakika yoyote, hata ya pili. Tatu, zamu zilifuata orodha ya mahudhurio, na orodha ilifuata alfabeti. Jina la msichana yule lilianza kwa herufi Z. Daima alikalia kiti wakati mashine imekwisha kufanya kazi muda mrefu.

Siku iliyofuata tuliigeuza orodha, wa mwisho akawa wa kwanza, na hatukubadili kitu kingine chochote. Msichana alianza, akamaliza mizunguko mitatu salama. Ilipopita dakika ya ishirini picha iliganda mikononi mwa mvulana ambaye jina lake linaanza kwa A. Darasa likanyamaza. Kisha mmoja akasema, “Mkosi umehama!” Tukamjibu, “Haukuhama. Tazameni daftari: dakika ni zile zile.” Jaribio hilo halikutugharimu hata senti, nalo lilimsafisha mtoto mbele ya wenzake kuliko hotuba yoyote ambayo tungeweza kuitoa.

Sasa tulikuwa na dhana: joto. Kitu kinachoshindwa baada ya muda ule ule wa kazi, na kurudia hali njema kikipumzishwa, aghalabu kinaelemewa na joto. Kabla ya kufungua chochote tuliondoa kifuniko cha ubavuni na kuelekeza feni ya mezani ndani. Mchezo ukaenda kipindi kizima cha dakika 40. Dhana ikapata nguvu.

Ndipo tulipoifungua. Mwalimu atakayefanya hivyo hana budi kwanza kuchomoa waya wa umeme na kusubiri. Tena asifungue kamwe kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, kwani ndani yake kapasita huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Tuliyoyaona ndani yalikuwa historia ya mahali. Bonde la Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, ni bonde la chini, la joto na la mpunga. Baada ya mavuno mashine za kukoboa hunguruma kutwa, na vumbi la pumba hutua juu ya kila kitu. Feni ya kompyuta ikivuta hewa huvuta na vumbi hilo. Mapezi ya alumini, ambayo kazi yake ni kutoa joto la kadi ya picha, yalikuwa yamevaa blanketi. Tuliyasafisha kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, feni ikiwa imezuiwa kwa kidole isizunguke. Ile dawa laini inayopakwa kati ya kadi na mapezi ili kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Tuliikwangua, tukapaka mpya.

Kisha tulirudisha kifuniko, tukaiondoa feni ya mezani, na kujaribu tena alasiri, saa ile ile ya majaribio yaliyotangulia. Tungejaribu asubuhi, kukiwa na ubaridi, tusingeweza kujua kama kilichoponya ni usafi au ni hewa. Mchezo haukuganda tena.

Kujizima, hata hivyo, kulibaki. Mwenye kutafuta dawa moja ya maradhi yote angekata tamaa hapo na kusema usafi haukusaidia kitu. Daftari lilituzuia, maana lilikwisha kutuonya kwamba magonjwa ni mawili. Tulipima kumbukumbu ya kompyuta kwa programu maalumu usiku mmoja, haikuonekana ila. Tukaifuta katika orodha ya washukiwa. Aliyetufumbua macho ni mwandishi wetu. “Mwalimu,” alisema, “kila inapojizima, mashine ya mpunga huko nje ndiyo kwanza inaanza kunguruma.” Tuliongeza safu ya sita: sauti za nje. Siku chache zilitosha. Tulikwenda kumwamkia mzee mwendesha mashine, naye akatuambia bila kuulizwa mara mbili, “Mota ikianza, Mwalimu, hata taa ya hapa ndani hufifia.”

Sababu yake ni hii. Mota kubwa, wakati wa kuanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko inaouhitaji ikiisha kuzoea mwendo. Kwa kitambo hicho volti katika nyaya za jirani hushuka. Bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, limo katika wilaya hiyo hiyo ya Kilombero. Lakini ukaribu wa bwawa haubadili neno pale mota na shule zinapokunywa katika waya mmoja. Kompyuta yenye kisanduku kipya cha umeme huvuka kitambo hicho kwa akiba iliyomo katika kapasita zake. Kapasita zikizeeka akiba hupungua, na mashine huzimika. Dalili hii ilikuwa ikiupata hata mchezo wa hesabu. Ila kwa kuwa wote walilalamikia vigari tu, hakuna aliyeihesabu mpaka daftari lilipoihesabu.

Fedha za kisanduku kingine hazikuwapo. Dawa tuliipata katika ratiba: mashine ya mpunga ilikuwa haianzi kabla ya saa nne, basi tulihamishia kipindi cha michezo saa mbili asubuhi. Si kila tatizo la mashine huondolewa kwa bisibisi.

Sasa tuje kwenye madaftari ya watoto, ambayo ndiyo kazi yetu hasa. Mvulana mmoja alikuwa akipata baadhi ya hesabu za muda na kukosa nyingine. Angepewa alama tu, ingesemekana hajali. Tuliyapanga majibu yake kama tulivyoyapanga matukio ya kompyuta. Dakika 2 na sekunde 5, kutoa dakika 1 na sekunde 48: aliandika sekunde 57, na jibu ni 17. Dakika 3 na sekunde 12, kutoa dakika 2 na sekunde 50: aliandika 62, na jibu ni 22. Dakika 2 na sekunde 48, kutoa dakika 2 na sekunde 5: aliandika 43, na ndilo jibu. Tazama vema, ndugu mwalimu. Alipokosa, alizidisha 40 kila mara; alipopata, hapakuwa na haja ya kukopa. Mtoto huyu alikuwa anajua kutoa. Alipokopa dakika moja aliihesabu kuwa 100 badala ya 60, kama azoeavyo katika nambari za kawaida. Kumrudisha kwenye jedwali la kutoa kungekuwa sawa na kufuta na kupakia upya. Alihitaji sentensi moja tu na saa ya ukutani.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha maelezo ya programu waliyoiita BUGGY, jina linalotokana na neno “mdudu”, ambalo watu wa kompyuta hulitumia kwa maana ya hitilafu. Katika programu hiyo kompyuta hujifanya mwanafunzi mwenye kasoro moja katika kutoa, na mwalimu aliye mafunzoni hutakiwa kuigundua kwa kumpa hesabu za kuchagua. Walionyesha kwamba makosa mengi yanayoonekana kuwa ya ovyo hufuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni potofu.

Kwa muhtasari, mwalimu anayekabiliwa na kosa azingatie haya:

1. Aandike kilichoonekana, wala si hukumu juu yake.
2. Atenganishe makosa yanayofanana kwa jina lakini yanatofautiana kwa wakati na namna.
3. Aulize ni lini kosa halitokei. Jibu la swali hilo huwa na thamani sawa na la kwanza.
4. Abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na mengine yote yabaki kama yalivyokuwa.
5. Asimtaje mtu kuwa chanzo kabla ya kugeuza orodha.

Utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, chagua mwanafunzi mmoja ambaye walimu wenyeji wamekwisha kukuambia kwamba “huyo hawezi”. Chukua hesabu zake kumi, alizopata na alizokosa, uzipange katika safu. Usimfundishe kitu siku ya kwanza. Siku ya pili mpe hesabu tatu ulizozitunga mwenyewe ili kuijaribu dhana yako, kisha uje chuoni na daftari lako tulijadili.